Nirudishie Injini

Mjini Maun hakuna aliyemwogopa Rra Ditirwa, yaani bwana Ditirwa, akiwa chini. Chini alikuwa mzee wa miaka sitini na mitatu, magoti yanalia kama bawaba, mfuko wa viwavi wa mti wa mopane waliokaushwa haumtoki mfukoni mwa shati, na kila aliyemsalimia alipewa kiwavi chake atake asitake. Kasheshe ilianza magurudumu yakishaachana na ardhi. Huko juu mzee aligeuka mwizi, na alichoiba ni injini.

Aliiba kwa ustadi. Umetulia zako, futi elfu tatu juu ya matete ya delta, ndege inakoroma vizuri, na mzee pembeni yako anatafuna na kukuuliza hali ya shangazi yako. Unafungua mdomo useme shangazi hajambo. Hapo hapo ramani inatandazwa juu ya vishikio vya injini, mkono unapita chini yake kama nyoka chini ya mkeka, na injini moja inanyamaza. Ipi? Hakuambii. Hiyo ndiyo shule yenyewe.

"Haya, binti," alikuwa akisema, taya hazisimami. "Nani katutoka?"

Na Sethunya Kgosidintsi, mwanafunzi wake, alitakiwa kujibu kwa miguu kabla ya mdomo.

Ndege ya injini mbili ikibaki na moja hainyooki. Iliyo hai inasukuma, iliyokufa inaburuta, na pua ya ndege inageukia upande wa msiba. Rubani anakanyaga pedali ya upande wa pili kuirudisha njiani, basi mguu mmoja unafanya kazi mpaka paja linatetemeka, na mwenzake umekaa tu kama mgeni rasmi. "Mguu mvivu ndio unaomjua maiti," Rra Ditirwa alipenda kusema. Mguu wa kushoto ukiwa umelala, injini ya kushoto ndiyo iliyokufa. Mtoto wa darasa la pili anaelewa. Ila mtoto wa darasa la pili hajawahi kuulizwa hilo huku dunia imelala ubavu dirishani.

Sethunya alikwisha kuulizwa na watahini mara mbili, na mara mbili alifeli. Mara ya kwanza alikanyaga mguu wa kulia palipotakiwa wa kushoto, na ndege ikazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Mara ya pili miguu ilisema kweli, lakini mkono ulikuwa na haraka zake: ukarukia vishikio na kuizima injini iliyo hai. Mtahini alimtazama kwa upole kama daktari. "Kwa hiyo sasa tuna injini ngapi?" akamwuliza. Sethunya akahesabu. Hesabu haikuwa ngumu.

Ya tatu ndiyo ingekuwa ya mwisho. Kampuni aliyoifanyia kazi ilikwisha kuuza vindege vyake vyote vya injini moja, vile ambavyo Sethunya alivirusha bila tatizo kwa miaka miwili, na kufikia Desemba rubani asiye na cheti cha injini mbili angerudi kwenye kazi yake ya zamani. Kazi ya zamani ya Sethunya ilikuwa mizani. Miaka minne alisimama pale uwanjani akipima abiria na mabegi yao, kwa kuwa ndege ndogo haina utani na uzito. Alikuwa hodari wa kumwambia mtalii mwenye kitambi "panda tena, tafadhali" bila hata jino moja kuonekana. Aliujua uzito wa nusu ya mji, na siri hizo alizitunza. Lakini kurudi pale, na kuwatazama wenzake wakipaa! Bora wampime yeye na kumtuma kama mzigo.

"Ugonjwa wako si ujinga," Rra Ditirwa alimwambia baada ya kufeli kwa pili. "Ni haraka. Mkono wako unafika kabla yako wewe mwenyewe."

"Niufunge kamba, Rra?"

"Ufunge adabu. Kuanzia leo: sema, gusa, ngoja. Sema injini ipi imekufa. Gusa kishikio chake kwa kidole. Halafu ngoja niseme ee. Nisiposema ee, huo si mkono, ni picha ya mkono."

Basi ikawa hivyo wiki saba. Sema, gusa, ngoja. Sethunya alijifunza kila mahali penye nafasi ya kusimama. Kwenye foleni ya duka la nyama alikuwa akikandamiza mguu mmoja, akilegeza mwingine, akinyoosha kidole hewani na kunong'ona, mpaka mama mmoja nyuma yake akamwambia, "Mwanangu, kama umebanwa, choo kiko nyuma ya kituo cha mafuta."

Kulikuwa na kishikio kimoja kilichoguswa kuliko vyote: kile cha kulaza pangaboi. Pangaboi la injini iliyokufa halikubali kufa. Upepo unaendelea kulizungusha, na kadiri linavyozunguka ndivyo linavyoishika ndege shati. Dawa yake ni kuzigeuza panga zake ziupasue upepo kwa makali badala ya kuupokea kifuani, na hilo ndilo marubani wanaita kulaza. Unavuta kishikio nyuma, unakisukuma nje kidogo kupita kizuizi chake, unakivuta tena hadi mwisho. Lakini ufanye upesi. Mzunguko ukishuka chini ya mia tisa kwa dakika, panga hujifunga zenyewe, na hapo hata ukiomba kwa lugha saba hazigeuki.

Hayo yote Sethunya aliyajua kwa mdomo na kwa kidole. Kukivuta hakuwahi. Hakuna aliyewahi kukivuta miaka ile, kwa sababu Moronga alikataza.

Moronga ndiye alikuwa fundi, mtu wa Shakawe kule juu mtoni, mpana kama mlango wa ghala, na ndege ile ilikuwa kama mke wake wa pili. Iliundwa miaka mitano kabla nchi haijapata bendera yake, na kila mtu uwanjani aliiita Nkuku, jina wanaloitwa bibi wazaa mama.

"Gusa, sema, rudi nyumbani," Moronga aliwaambia. "Ukimlaza Nkuku pangaboi huko hewani, hutamwamsha. Bikizee akipitiwa na usingizi mchana, ndiyo hadi kesho."

Kwa hiyo Sethunya akishagusa na kusema "nimelaza", mzee alisema ee, akaiacha injini ijifanye imekufa kwa muda, kisha akairudisha. Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Mwizi anaiba, mwenye mali anataja kilichoibwa, mwizi anarudisha. Polisi wangependa mji wa namna hiyo.

Mtihani uliwekwa Jumanne ya pili ya Oktoba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla joto halijaamka. Oktoba ya Maun si ya mchezo. Kufikia saa tano hewa inakuwa nyepesi kama ahadi, na ndege nzee haipati cha kushika.

Mtahini alitoka Gaborone, mji mkuu. Mma Molebatsi alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia kwa uzi shingoni, na alipofika kwenye bawa alivua viatu vyake vya visigino, akaviweka kwenye mfuko wa plastiki, akavaa raba. Salamu yake ilikuwa kamili lakini haikuwa na nyongeza.

Moronga alimvuta Sethunya pembeni. "Umekula?"

"Maandazi mawili ya magwinya na chai."

"Mawili! Wewe uliyekuwa unawapima watu, umejipima?"

"Rra, leo usinichekeshe."

"Sikia. Nkuku hana neno. Jana nimemwosha, nimempa mafuta, nimemwambia leo kuna mgeni. Ukifeli leo, ni wewe."

"Asante kwa kunitia moyo."

"Karibu sana."

Rra Ditirwa alimfungulia Sethunya mfuko wake. Alimpa kiwavi kimoja, akaenda kukaa juu ya pipa tupu kivulini, mgongo kwa uwanja, eti hatazami.

Waliruka. Kwa dakika ishirini Mma Molebatsi aliandika tu. Wakiwa futi elfu tatu na nusu ramani ikafunguka, mkono ukapita, na pua ya Nkuku ikachepuka kwenda kulia. Sethunya akakanyaga kushoto. Mguu wa kulia umelala.

"Kulia imekufa," akasema. Akarudisha nyuma kishikio cha nguvu cha kulia kuhakiki, mlio haukubadilika. Akagusa kishikio cha pangaboi la kulia kwa kidole. "Nimelaza."

Akangoja. Mkono wake ulikuwa picha ya mkono.

"Ee," akasema Mma Molebatsi, na baada ya dakika mbili akairudisha injini.

Sethunya alihisi jasho likimteremka mgongoni, jasho tamu kabisa. Alitaka kuimba. Hakuimba, maana fomu ya mtahini huenda ilikuwa na mahali pa kuandika wanaoimba.

Kilichobaki kilikuwa ni kutua kwenye kiwanja kimoja cha mchanga huko ndani ya delta, kuruka tena na kurudi mjini. Alishuka vizuri. Mia tano, mia nne, mia tatu. Ndipo tembo watatu wakatoka vichakani na kusimama katikati ya kiwanja, mmoja wao akijipulizia vumbi mgongoni kama mtu aliyefika bafuni kwake.

"Wenyewe wamerudi," Mma Molebatsi akasema.

"Tunapaa tena, Mma." Sethunya akasukuma vishikio vyote mbele, akaanza kukunja magurudumu. Nkuku alinguruma, akainua kichwa.

Halafu akageuka kushoto kwa nguvu, kama aliyeitwa.

Mguu wa kulia ulikanyaga wenyewe. Wa kushoto ulilala. Sethunya hakutishika hata kidogo, na aliyekuwepo angeshangaa jinsi alivyotabasamu. Alidhani mtahini ameizima kwa bomba la mafuta lililo sakafuni kati ya viti viwili, karibu na raba zake. Mwizi wa Gaborone haibi kwa ramani tu! Anaiba chini chini, juu ya tembo, mtu akiwa na shughuli zake! Rra Ditirwa hakuwahi kuiba chini ya futi elfu moja. Hata wizi una heshima yake. Lakini hawa wa makao makuu, nani awapangie?

"Kushoto imekufa," akasema kwa sauti ya mwanafunzi bora. Akahakiki. Akanyoosha kidole, akagusa kishikio cha pangaboi la kushoto. "Nimelaza."

Akangoja ee.

Ee haikuja.

Aliukandamiza mguu, akashika usukani, akangoja kwa adabu zote za wiki saba. Sindano ya mwendo ilianza kurudi nyuma. Miti ilianza kuwa na majani, kisha majani yakaanza kuwa moja moja. Mtahini alikuwa ameinama akitazama sakafuni. Labda anaandika, Sethunya akawaza. Labda ameangusha kalamu.

"Nimelaza, Mma," akarudia, kwa sauti zaidi kidogo. "Ya kushoto. Unaweza kunirudishia injini."

Mma Molebatsi akainua uso. Miwani ilikuwa imemteremka hadi ncha ya pua.

"Sijachukua kitu," akasema.

Kuna maneno ambayo sikio linayapokea na kichwa kinayakataa mlangoni. Sethunya aligeuka kutazama nje ya dirisha lake. Ubavu wa injini ya kushoto ulikuwa mweusi kwa mafuta, yanatiririka nyuma kwa upepo kama machozi ya wanja. Na mbele yake pangaboi lilikuwa linazunguka kivivu, halikulazwa na mtu yeyote, kifua wazi, likimshika Nkuku shati na kumvuta kwenye miti.

Sindano ya mzunguko: elfu moja na mia moja. Elfu moja na hamsini.

Alikishika kishikio, safari hii kwa kiganja kizima, akavuta. Kikaja mpaka kwenye kizuizi, kikagoma. Akakisukuma nje. Kikagoma. Miaka mingapi hakuna aliyevuka hapo! Kutu na rangi na adabu ya watu vilikuwa vimekigandisha. Elfu moja. Usukani ulianza kutikisika mkononi mwake mwingine, na Sethunya alisema neno ambalo shangazi yake hajui kwamba analijua.

"Piga," akasema Mma Molebatsi.

Akakipiga kwa kisigino cha kiganja, kama unavyopiga mlango uliovimba kwa mvua. Mara moja. Mara mbili. Kikaruka nje kwa mlio mkavu, akakivuta mpaka mwisho wa njia yake, akabaki amekishikilia hapo kana kwamba kingetoroka.

Panga zikageuka. Zilifanya hivyo polepole, bila haraka ya mtu yeyote, zikauelekezea upepo makali, na pangaboi likasimama tuli. Nkuku akatikisika mara moja, kama aliyeachiliwa mkono. Kisha akaacha kushuka. Juu ya mti wa mwisho palibaki nafasi ya kupita ndege yenye manyoya. Nyingine ingelazimika kungoja.

Injini ya kulia ilikuwa inaunguruma peke yake, mjane mwenye kazi.

"Tunapanda?" akauliza Mma Molebatsi.

"Futi thelathini kwa dakika, Mma."

"Basi tunapanda."

"Hata moshi wa sigara unapanda upesi zaidi."

Mma Molebatsi akatoa sauti fupi puani ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa kicheko. Akavaa miwani vizuri. "Wewe ndiye rubani. Unataka nini kwangu?"

Sethunya alifikiri. Mtahini akigusa usukani, mtihani umekwisha. Hilo alilijua kila mtahiniwa tangu siku ya kwanza. Lakini hakuna palipoandikwa kwamba mtahini hawezi kusoma.

"Mma, naomba uniitie mjini. Uwaambie injini moja, watu wawili, watufungulie njia ya moja kwa moja. Halafu naomba unisomee joto la injini ya kulia kila dakika, nisiondoe macho nje."

"Ee," akasema Mma Molebatsi, na akachukua redio.

Dakika kumi na tisa zilizofuata hazikuwa na ushujaa wowote wa kusimuliwa. Zilikuwa za mwanamke mmoja akisoma namba, na mwingine akisema "asante, Mma." Sethunya aligeuza gurudumu dogo la kusaidia usukani ili paja lake lipumue. Hakugeuza ndege kuelekea upande wa injini iliyokufa, hata pale njia ilipokuwa fupi zaidi. Joto lilipanda mstari mmoja, likasita, likapanda nusu. Alipunguza nguvu kidogo mno, kiasi cha chumvi. Mkono wake haukuwa na haraka, wala haukuwa picha. Ulikuwa tu mkono.

Walipouona uwanja, alikumbuka kwamba kwa injini moja kuna kutua kumoja. Ukikosea, hakuna kupaa tena, Nkuku hana kifua hicho. Alishusha magurudumu alipokuwa na uhakika wa kufika, si kabla. Aligusa lami mbele kidogo ya alipotaka, akaruka kidogo, akagusa tena, akasimama. Kisha akajaribu kuiondoa ndege njiani, na Nkuku, kwa injini moja ya kulia, akawa anataka kuzunguka tu kushoto kama punda wa kinu. Akazima. Ukimya uliingia mpaka masikio yakauma.

Moronga alifika na trekta kabla vumbi halijatulia. Alitazama mafuta ubavuni, akatazama pangaboi lililolala.

"Mmemlaza," akasema.

"Samahani, Rra."

"Samahani ya nini?" Akachungulia kwenye tundu la mbele la injini. "Silinda imepasuka, tazama, hata kidole kinaingia. Mngekuja nyumbani na nini?" Akampa mgongo, akafunga mnyororo wa trekta kwa muda mrefu kuliko mnyororo wowote unavyohitaji.

Sethunya alishuka kwenye bawa, miguu yote miwili mivivu sasa. Rra Ditirwa alikuwa amesimama pale, mdomo hautafuni.

"Nilingoja, Rra," Sethunya akamwambia. "Niligusa, nikasema nimelaza, nikangoja anirudishie. Injini imekufa kwelikweli, mimi namngoja mtu aseme ee."

Mzee alifunga macho. "Muda gani?"

"Sekunde sita," akasema Mma Molebatsi nyuma yao, akivua raba. "Nilizihesabu baadaye."

"Mama, hilo ni kosa langu," mzee akasema. "Mimi ndiye niliyemfunga mkono. Alikuwa na haraka, nikamtibu mpaka nikamzidishia dozi. Kama kuna wa kufelishwa, nifelishe mimi."

"Wewe huna fomu leo, Rra," Mma Molebatsi akasema. Akamgeukia Sethunya. "Una la kuongeza?"

Hapa Sethunya angeweza kunyamaza. Alifikiria mizani, ile sahani yake ya bati inayolia ukikanyaga. "Nilichelewa kujua, Mma. Hakuna anayeiba injini chini hivyo. Nilitakiwa kujua kwamba si wewe."

Mma Molebatsi aliingiza mguu mmoja kwenye kiatu, akaacha mwingine. "Sekunde hizo hizo sita," akasema polepole, "mimi nilikuwa natazama mguu wangu kama umegonga bomba la mafuta. Bomba lilikuwa wazi. Nililishika kwa mkono mara mbili, sikuamini." Akachukua faili lake, akaingia ofisini, akafunga mlango.

Nusu saa ikapita. Saa moja. Joto likaamka na kunyoosha mikono. Nkuku alikuwa ameshavutwa mpaka kwenye karakana, kifuniko cha injini kimefunguliwa, na Moronga yumo ndani yake hadi mabegani. Sethunya hakuweza kukaa. Alizunguka ndege mara tatu, kisha akapanda bawani akakaa kwenye kiti chake.

"Rra Moronga! Naweza kuvuta kishikio cha pangaboi?"

"Injini imekufa, kuna nini cha kuvuta?"

"Kishikio chenyewe. Nataka mkono ukijue."

"Vuta," sauti ikatoka ndani ya injini. "Vuta mpaka kilie. Chako hicho."

Akavuta. Nyuma, nje, nyuma hadi mwisho. Akarudisha. Akavuta tena, macho yamefumbwa. Mara ya kumi kiganja kilikuwa kimekwisha kujua kizuizi kiko wapi bila kuuliza. Mara ya kumi na tano Rra Ditirwa akapanda bawani, magoti yakilia, akaingia kiti cha pembeni.

"Unafanya nini?"

"Sigusi. Navuta. Jaribu, Rra."

"Mimi? Nimeruka miaka thelathini na minane, binti."

"Umekivuta mara ngapi?"

Mzee akanyoosha mkono, akavuta. Kikagoma kwenye kizuizi. Akavuta tena, uso ukijikunja.

"Umekwisha kuzikwa, Rra," Sethunya akasema. "Mzunguko mia nane. Panga zimejifunga. Shangazi yangu anakuletea maua."

"Nyamaza kidogo!"

"Kisukume nje kwanza, halafu nyuma. Usikibembeleze, si mjukuu wako."

Kikatoka. Mzee akacheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akakirudisha na kukivuta tena. Moronga aliinua kichwa kutoka kwenye injini, mafuta hadi kwenye nyusi, akawatazama.

Hawakumsikia Mma Molebatsi akija. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana, faili kifuani, na haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Akaja mpaka kwenye bawa. Akavua viatu vyake vya visigino, akaviacha sakafuni kimoja hapa kimoja pale, akapanda kwa soksi.

"Shuka, Rra. Zamu yangu."

"Zamu ya nini? Wewe si ndiye mtahini?"

"Miaka kumi na moja nawauliza watu kuhusu kishikio hiki," akasema Mma Molebatsi. "Wote wanakigusa kwa kidole. Nami nawapa alama."

Mzee akashuka haraka kuliko magoti yake yalivyoruhusu. Mma Molebatsi akaketi, akaweka mkono, akavuta. Kikagoma. Akajaribu kwa mikono miwili, lakini faili lilikuwa bado kwapani, linamzuia. Akatoa karatasi moja ndani yake, akampa Sethunya bila kumtazama.

"Hebu nishikie. Ni yako hata hivyo." Faili lenyewe akalitupa kiti cha nyuma.

Sethunya aliisoma kuanzia chini kwenda juu: muhuri, saini, na juu ya saini neno moja lililopigiwa mstari mara mbili: *Amefaulu*. Halafu maelezo machache kwa mwandiko mdogo uliobanana: *Alichelewa. Akajua. Akarudisha watu wawili nyumbani.* Alitaka kupiga kelele. Badala yake alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa shati na kuubonyeza mfuko kwa kiganja.

"Kigumu hiki," Mma Molebatsi akasema, mishipa imemtoka shingoni.

"Weka kidole gumba hapa, Mma," Sethunya akasema, akainama kumwonyesha. "Chini kidogo. Sasa sukuma nje."